Jino la Pembe na Pengo la Dada

Wahenga walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii nilifundishwa darasani nikiwa mtoto, nami nikaja kuwafundisha watoto wa wenzangu kwa zaidi ya miaka 30. Kila mara niliieleza kwa namna ile ile, kwamba kitu cha kutiwa hakishiki nafasi ya kile ulichozaliwa nacho. Nilitoa mfano wa mtu aliyefiwa na mkewe, au wa kijiji kilichompoteza fundi wake hodari. Sikuwahi hata siku moja kuyafikiria meno yenyewe.

Mwaka 2022 nilistaafu ualimu, nikalipwa kiinua mgongo. Nilikuwa nimekwisha sikia kwamba siku hizi lipo jino linalopandikizwa ndani ya mfupa wa taya, lenye mzizi wa madini ya titani, ambalo mtu hulitafunia nyama hata akasahau kwamba si lake. Nikasema moyoni, basi methali hii imepitwa na wakati. Nitamnunulia dada yangu meno.

Insha hii ni maelezo ya namna nilivyoshindwa kumnunulia, na ya swali ambalo kushindwa huko kuliniachia. Swali lenyewe ni hili: kukinga ni nini? Je, kila kinachozuia kifo ni kinga, na kila kinachoruhusu kitu kife ni uzembe? Mimi niliingia katika jambo hili nikiamini kwamba jibu ni ndiyo. Nimetoka nikiwa na jibu jingine, nalo sikulipata vitabuni.

Dada yangu amenizidi miaka minane. Baba yetu alipofariki mwaka 1974 mimi nilikuwa na umri wa miaka 12, na mama alikuwa mgonjwa. Dada akakaa barazani, mjini Tanga, akipika vitumbua kila alfajiri na kuviuza kwa wapitao kwenda kazini. Sanduku langu la bati la kwendea shule ya bweni, sare, nauli ya basi, madaftari na sabuni, vyote vilitoka katika vitumbua vile. Mwaka 1977 gego lake la chini lilimwuma kwa miezi mingi. Miaka mingi baadaye aliniambia, tena kwa kupitia tu katika mazungumzo, kwamba fedha alizokuwa ameweka ili akazibwe jino alinitumia mimi, nikanunua viatu. Gego likaja kung'olewa. La pili likafuata. Uzeeni ufizi wake ukalegea, na meno mawili ya mbele, ya juu, yakaondoka yenyewe. Tangu hapo akicheka huziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Mwaka 2019 dada aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alipasuliwa, akatibiwa, akapata nafuu. Mwaka 2021 saratani ikaonekana katika mifupa ya uti wa mgongo. Tangu hapo, pamoja na dawa nyingine, akawa anatundikiwa dripu ya kukinga mifupa kila baada ya majuma manne. Ilimsaidia. Maumivu ya mgongo yalipungua, na uti haukuvunjika. Nyumbani tuliiita dawa ya mifupa, wala hatukuuliza zaidi. Hakuna aliyetueleza kwamba, kabla ya kuianza dawa kama hiyo, mtu hupaswa kwenda kwanza kwa daktari wa meno akaangaliwe kinywa.

Basi mwaka 2023 nikamleta Dar es Salaam kwa daktari wa meno anayefanya kazi hiyo ya kupandikiza. Alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho mwisho.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Alimtazama kinywa, akampiga picha ya eksirei, akausifu unene wa taya. Nikafurahi kama aliyesifiwa mwanawe. Kisha akauliza, huku akiandika, mama anatumia dawa gani. Dada akataja ya presha, akataja vidonge vya saratani, na mwisho akaitaja dripu ya mifupa. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kama tunalijua jina la dripu hiyo. Nikatoa karatasi ya hospitali mkobani, akaisoma: asidi ya zoledroniki.

"Mzee wangu," aliniambia, "mama sitampandikiza meno. Si kwamba sitaki kazi. Nikiutoboa mfupa wake, huenda usipone."

Sikumwelewa. Dawa ya kukinga mifupa itamzuiaje mtu kutiwa kitu katika mfupa? Nilidhani mambo yangekuwa kinyume, na kwamba taya lililokingwa ndilo lingekuwa tayari zaidi kuliko mengine. Daktari hakukasirika. Alichukua karatasi akanichorea. Mengi ya haya niyaelezayo nimeyapata kwake, na mengine nimeyasoma baadaye, kwa sababu lile neno "huenda usipone" halikuniacha nilale.

Sisi tunaudhania mfupa kuwa jiwe, kwa kuwa mifupa tunayoiona aghalabu ni ya mbuzi aliyekwisha chinjwa. Mfupa ulio ndani ya mtu aliye hai ni mji, na katika mji huo zimo seli za namna tatu. Wapo wajenzi, ambao wataalamu huwaita osteoblasti. Hawa hutandaza mfupa mpya. Wapo wabomoaji, osteoklasti. Hawa huula mfupa uliochakaa au uliopata ufa, na kupaacha mahali pake wazi ili wajenzi waje. Wa tatu ni wakaazi, osteositi. Hawa zamani walikuwa wajenzi, lakini katika kujenga wakajikuta wamezungukwa na kazi yao wenyewe, wakabaki humo, kila mmoja katika kijumba chake, wakishikana na jirani zao kwa nyuzi nyembamba zipitazo katika vitundu vya mfupa.

Wakaazi ndio wengi kuliko wote. Imekadiriwa kwamba mtu mzima anao kiasi cha bilioni 42. Mbomoaji huishi majuma machache na mjenzi miezi kadhaa, lakini mkaazi aweza kuishi miaka mingi. Kazi yake ni kuhisi. Mahali panapoelemewa na mzigo, mahali palipopata ufa, yeye ndiye apelekaye habari kwa wajenzi na wabomoaji. Akifa kabla ya zamu yake, habari za kifo chake huenea kwa jirani, na wabomoaji huja kuisafisha sehemu ile. Kwa njia hii kiasi cha sehemu moja katika kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Mtu aliyekaa kitini anasoma gazeti, taya lake linavunjwa na kujengwa wakati huo huo, naye hana habari.

Sasa tulitazame jino la kupandikiza. Lilipatikana bila mtu kulitafuta. Mwaka 1952, huko Lund nchini Sweden, daktari kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu ipitavyo katika uboho wa sungura. Alikuwa ametia katika mfupa wa mguu wa sungura kijidirisha kilichotengenezwa kwa titani, apate kuchungulia ndani kwa hadubini. Alipomaliza, alitaka kukitoa akitumie tena. Kikagoma kutoka. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake. Mtu mwingine angelaani hasara ile. Yeye aliiwazia kwa miaka. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimpandikiza mtu wa kwanza mizizi ya titani katika taya, mtu aliyekuwa na kasoro za taya tangu kuzaliwa. Mizizi hiyo ilimtumikia mgonjwa yule hadi alipofariki mwaka 2006. Wataalamu wengi walimdharau Brånemark kwa muda mrefu. Ni baada ya mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo madaktari wa Amerika ya Kaskazini walipoanza kumkubali kwa wingi.

Lakini siri yake haikuwa titani peke yake. Aliutendea mfupa kwa upole. Alisisitiza kwamba kekee izungushwe polepole, na maji ya chumvi yamiminwe wakati wote, mfupa usipate moto. Mzizi ukishatiwa, ufizi ushonwe juu yake, na usiguswe kwa miezi mitatu katika taya la chini, au sita katika taya la juu. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Göteborg, Eriksson na Albrektsson, walionyesha kwa sungura kwamba joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu latosha kuudhuru mfupa. Chai tunayokunywa asubuhi ina moto kuliko huo. Wale wakaazi wa vijumbani, ambao wangeishi miaka, huuawa na haraka ya dakika moja ya fundi.

Tena, hata fundi awe mpole namna gani, wakaazi kadhaa walio kando ya tundu hufa. Hapana kekee isiyoua. Wabomoaji huja, nao huanza kuuondoa mfupa uliokufa, hivyo mzizi ulioshikwa barabara siku ya kwanza hulegea kidogo katika majuma yanayofuata, kabla mfupa mpya haujaushika. Hapo ndipo watafiti walipojiuliza: kwa nini tusizikinge seli hizi kwa dawa? Wapo wanaojaribu kwa wanyama njia za kuzizuia seli zisijifie baada ya kekee kupita. Na mwaka 2012 watafiti wa Linköping, Sweden, walitoa matokeo ya jaribio la watu 16. Kila mmoja alitiwa mizizi miwili, mmoja wa kawaida na mwingine uliopakwa utando mwembamba mno wa dawa ya jamii ya bisfosfoneti, ambayo huwazuia wabomoaji. Mizizi iliyopakwa ilishikwa na mfupa vizuri zaidi.

Nilipofika hapo katika kusoma, moyo wangu uliruka. Kwa maana asidi ya zoledroniki, ile dripu ya dada, ni ya jamii hiyo hiyo ya bisfosfoneti. Dawa ya jamii ile ile iliyoukinga mfupa kando ya jino kule Sweden ndiyo iliyomnyima dada yangu jino.

Jambo hili laeleweka hivi. Dawa hizi hujishikiza katika mfupa, na mbomoaji aulapo mfupa huo huimeza dawa, akalemaa au akafa. Kwa mgonjwa ambaye saratani imeingia mifupani hii ni rehema kubwa, kwa kuwa saratani huwachochea wabomoaji wale kupita kiasi, hata uti wa mgongo ukapondeka kwa uzito wa kichwa na mabega tu. Dawa huwazuia. Lakini dripu haichagui mahali. Huenda mwili mzima na kukaa mifupani kwa miaka. Na taya ni mahali penye kazi kubwa ya kubomoa na kujenga: hutafuna kila siku, limefunikwa na ufizi mwembamba, na vijidudu vya kinywani hukaa karibu nalo sana. Mwaka 2003 daktari Robert Marx wa Miami alitoa taarifa ya wagonjwa 36 waliokuwa wakitumia dawa za namna hii, ambao mifupa ya taya zao ilibaki wazi, imekufa, haifunikwi na ufizi, haiponi. Wengi walianza baada ya kung'olewa jino. Wanaomeza dawa hizi kwa kiasi kidogo kwa ajili ya udhaifu wa mifupa wa uzeeni hupatwa na jambo hili kwa nadra sana. Wanaotundikiwa dripu za mara kwa mara kwa ajili ya saratani, hatari yao ni kubwa zaidi, ingawa hata kwao wengi hawapatwi.

Zingatia, msomaji, kilichotokea katika taya zile. Mfupa ulikufa kwa sababu hapakuwa na wa kuuondoa uliokufa. Wajenzi hawana pa kujenga pasipobomolewa. Tuliwafikiria wabomoaji kuwa adui wa mji, kumbe walikuwa nusu ya uhai wake.

Hapa ningeweza kuishia na mahubiri mepesi, kwamba maumbile yana hekima na tuyaache yafanye kazi yake. Sitaki mahubiri hayo. Anayesifu hekima ya kifo aghalabu si yeye anayekufa. Wabomoaji wa dada yangu, wakichochewa na saratani, walikuwa wakiula uti wake wa mgongo, na bila ile dripu pengine leo angekuwa amelala hawezi kugeuka. Maumbile hayakumhurumia. Dawa ilimhurumia. Mtu akiniambia kwamba ni kiburi cha binadamu kuzuia seli zisife, nitamwomba aje Tanga amwone dada akitembea kwenda kisimani.

Wala siwezi kusimama upande mwingine na kusema kila kifo kizuiwe. Mwaka 1972 wataalamu watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliandika juu ya namna seli inavyojifia yenyewe kwa utaratibu, bila fujo, na wakauita utaratibu huo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kupukutika, kama majani yapukutikavyo mtini. Mtu asiyepukutisha seli haishi. Nilijaribu basi kuvitenga vifo viwili: kifo cha zamu, ambacho tukiache, na kifo cha kuunguzwa, ambacho tukizuie. Lakini hata mpaka huo hauko wazi kama nilivyotaka, kwa sababu seli iliyojeruhiwa na kekee nayo mara nyingi hujifia kwa utaratibu ule ule wa kupukutika. Wakati mwingine jeraha huingia kwa mlango wa zamu.

Nikaona kwamba nilikuwa nikiliuliza swali vibaya. Nilikuwa nikiuliza kama kukinga ni kwema, kama vile kukinga ni kitu kimoja. Hakuna kukinga kwa jumla. Kuna kukinga kitu fulani, dhidi ya kitu fulani, mahali fulani, kwa gharama ya mtu fulani. Utando mwembamba juu ya skrubu hukinga upana wa unywele kando yake, basi. Dripu hukinga uti wa mgongo, na gharama yake hulipwa na taya. Zote mbili zaweza kuwa haki. Ila kwa kila moja yapo maswali ambayo dawa yenyewe haiyajibu: kinakingwa nini, nani alipe, na nani aamue?

Tena lipo jambo la kutangulia. Kabla ya kuuliza dawa gani itazikinga seli na kekee, tuiulize kekee inakwenda mbio kwa nini. Brånemark alianza na maji na subira. Dawa ikija baada ya upole ni msaada mkubwa. Dawa ikija mahali pa upole, ili fundi apate kukimbia bila kujali, itakuwa ruhusa ya kuunguza. Sisemi kwamba watafiti wanakusudia hivyo. Nasema ninaujua mwenendo huo kwa sababu niliuishi. Nimekuwa mwalimu. Tuliwaunguza watoto kwa haraka ya mitihani, kisha jioni tukawatoza fedha za masomo ya ziada ya kuwaponya.

Na sasa niseme lile ambalo sikutaka kulisema, ingawa bila hilo insha hii ni hotuba tu.

Tulipotoka kwa yule daktari nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa na fedha mfukoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nami nikaambiwa hazina kazi. Tukiwa kituo cha mabasi nilimwambia dada, "Tutakwenda kwa mwingine. Safari hii ile dripu tusiitaje."

Dada hakujibu. Basi likaondoka. Tulipita Chalinze bado kimya. Tulipokaribia Segera aliniita.

"Mdogo wangu, hili pengo ni la nani?"

"Lako, dada."

"Basi mbona linakuuma wewe?"

Nilinyamaza. Akaendelea, kwa sauti ile ile ya barazani, "Ugali ninakula. Samaki ninakula. Mgongo haujanivunjika. Wewe unataka unitoe kwenye mgongo unipeleke kwenye meno, halafu yule daktari wa watu tumfiche?"

Nilitazama mikonge dirishani. Alikuwa ameyauliza maswali yangu yote matatu kabla mimi sijajua kuyauliza. Nilikuwa nikikinga nini? Si taya lake, kwa kuwa nilikuwa tayari kulihatarisha. Nilikuwa nikijikinga mimi na deni. Vile viatu vya mwaka 1977 vilikuwa bado vinanibana. Nani angelipa? Yeye, kwa mfupa wake, na daktari asiyejua lolote, ambaye angebeba lawama ya jeraha lisilopona. Nani ameamua? Mimi, kwa kuwa fedha zilikuwa zangu. Kwa jina la kumkinga dada na aibu ya pengo, nilikuwa tayari kumtoboa.

Ni vigumu kuukubali wema usiolipika. Mtu aliyetendewa wema mkubwa hutafuta namna ya kuung'oa usimkae moyoni, na humwita aliyemtendea aje apokee malipo, atake asitake. Nadhani deni kama lile ni bora liachwe likae. Lilikuwa limekaa ndani yangu miaka 46 kama titani katika mfupa, na halikunidhuru isipokuwa siku niliyojaribu kulitoa kwa nguvu.

Tulirudi kwa yule yule daktari baada ya miezi miwili. Nilimwomba radhi kwa jambo ambalo hakulijua, naye akadhani ni adabu ya wazee. Alimtengenezea dada meno mawili ya bandia ya mbele, mepesi, ya kuvaa na kuvua, yenye kitako laini kisichochubua ufizi, akamwonya ayavue kila usiku na arudi mara akiona kidonda. Dada huyavaa siku za Idi na za harusi. Siku nyingine hukaa katika kikombe cha maji kabatini. Kiinua mgongo changu kinakwenda kwa nauli. Dripu sasa ni kila baada ya majuma 12, na kila ifikapo zamu yake mimi huenda Tanga, nikampeleka, nikakaa naye mpaka tone la mwisho. Zamani nilikuwa nikituma fedha tu.

Kwako msomaji ninalo ombi moja la kawaida kabisa. Wewe au mzazi wako akiandikiwa dawa ya kukinga mifupa, awe mgonjwa wa saratani au mzee mwenye mifupa dhaifu, uliza habari za meno kabla dawa haijaanza. Na ukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, taja kila dawa uitumiayo, hata kama unajua jibu lake litakunyima ulichokijia. Wala usiiache dawa ya mifupa kwa shauri lako mwenyewe.

Ama ile methali, sikufaulu kuikanusha. Jino la pembe, hata likiwa la titani, si dawa ya pengo la namna ile niliyokuwa nalo mimi. Dada bado akicheka huziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nimeacha kumwambia aushushe mkono.